Uso Uliotokea Kwenye Beseni

Jumatatu, 2 Agosti 1965

...na hata hivyo Nabwire ndiye aliyesema kweli: pazia la studio halifanani na mwamba wa Tororo hata kidogo. Linafanana na bonge la ugali lililomwagiwa mchuzi. Nimelichora mwenyewe, siku tatu, rangi nne. Leo nimelitundika tena. Wateja hawajali. Wanasimama mbele yake wamekaza shingo kama askari.

Kazi ya asubuhi ni ileile. Kufagia baraza. Kuosha mabeseni ya dawa. Kufuta vumbi la barabara kwenye kioo cha kamera. Kamera yangu! Bado naandika neno hilo polepole. Wiki tisa za ndoa, wiki tatu za kamera. Sijui ni kipi kinachoniamsha nikicheka. Najua. Ni Nabwire.

Akipita na ndoo, naacha kazi. Akiimba jikoni, naacha kazi. Makokha, fundi wa baiskeli wa jirani, anayevuka mpaka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya, anasema studio hii itakufa kwa mapenzi. Acha aseme.

Nimejaza kurasa kwa furaha, habari za mkopo sijaziandika sawasawa. Ni shilingi mia tatu na hamsini, kutoka Mfuko wa wafanyabiashara wadogo kule Tororo. Zamani nilikuwa nakodi kamera, na nusu ya pato ilikwenda kwa mwenye kamera hiyo. Mfuko ulitaka mdhamini mwenye mifugo. Baba yangu alikwisha kufa. Aliyejitokeza ni baba mkwe, Mzee Wandera wa Bulumbi. Aliweka kidole gumba kwenye karatasi na kuandikisha ng'ombe mmoja. Nisipolipa, ng'ombe anauzwa. Mdhamini akiondoa kidole chake, nilete mdhamini mwingine au nirudishe kamera.

Makokha hajaacha kunicheka. "Bwana harusi, wanaume wote wanapeleka ng'ombe kwa wakwe. Wewe peke yako ndiye unayetoa ng'ombe kule!"

Nilimrushia kitambaa chenye dawa. Alikimbia. Siku nzuri.

Jumatano, 4 Agosti

Wateja wawili tu tangu Jumatatu. Waliotaka picha hapa Busia wameshapigwa. Nimekaa barazani kama mlinzi wa duka lililofungwa.

Wazo ni la Nabwire. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Kama watu hawaji kwenye kamera, alisema, kamera iende kwa watu. Masafu kesho ni siku ya soko. Fungia kamera kwenye baiskeli, nenda.

Nilimwinua na sinia lake la mchele. Mchele ulimwagika. Alinikemea, kisha akacheka, lile cheko lake la kufunika mdomo kwa mkono halafu kusahau na kuuondoa. Ningekuwa na filamu ya kutosha ningelipiga picha cheko hilo peke yake, siku nzima.

Jioni alikaa mlangoni akitazama barabara ya kwao. Amemkumbuka mama yake. Alitaka twende Bulumbi pamoja, halafu akakumbuka kwamba safari ya pamoja ni taabu. Mimi sijawahi kumwona mama mkwe. Ndivyo kwetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawashikani mikono, hawali mahali pamoja, mpaka siku ile familia itakapoamua kufungua njia kwa zawadi. Siku ya harusi alijifungia jikoni. Niliona moshi tu. Tukikaribia kukutana njiani, mtu aliye pamoja nasi hutoa onyo, na mmoja wetu huingia shambani hadi mwenzake apite. Hata jina lake la ubatizo sijaambiwa. Kwangu yeye ni Mama tu, na kwa majirani ni Mama Barasa, kwa jina la mwanawe wa kwanza anayefanya kazi ya reli Nakuru.

Nilimwambia Nabwire aende peke yake mwisho wa mwezi. Akanishika sikio. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Alhamisi, 5 Agosti

Kumi na mbili! Filamu nzima kwa siku moja! Masafu wameniua kwa kazi. Miguu haina nguvu ya kusimama lakini mkono unataka kuandika.

Nilisimamisha kamera chini ya ukuta wa duka la chumvi. Nilivaa kofia ya majani, jua lilikuwa kali. Hakuna aliyenifahamu, na hiyo ilikuwa raha. Wa kwanza ni mzee aliyetaka kupigwa picha akiwa na redio ya jirani yake, ameishika kama mtoto mchanga. Halafu ndugu wawili waliogombana nani akae, nani asimame. Nikawaambia wasimame wote. Mwalimu mmoja aliazima tai kwa aliyemtangulia. Wengine sikumbuki.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyeuza maharage. Gauni la gomesi la kijani, mkanda mwekundu. Alinizunguka mara tatu kabla ya kukaa. Anataka picha ya kumpelekea mwanawe aliye mbali. Alipokaa kwenye sanduku, kidevu kikaganda kifuani.

"Mama, tazama hapa."

"Mwanangu, mimi sijui kukaa mbele ya hii kitu."

"Inua uso kidogo, mama."

Hakuinua. Nikafanya kama nilivyofundishwa na mwenye studio niliyemfanyia kazi Tororo: vidole viwili chini ya kidevu, polepole, kama unainua yai. Akaruka kidogo, kisha akacheka. Ana mwanya mbele. Cheko zuri. Nikabonyeza papo hapo.

Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kabla sijajibu mvua ikashuka kama imemwagwa. Watu wote wakakimbia. Nikafunika kamera kwa koti langu. Yeye alipaza sauti kutoka chini ya mabati: jina lake niandike Felista, picha atachukua siku nyingine ya soko.

Nimerudi nimelowa. Nabwire amenikausha nywele kwa taulo na kunisugua masikio mpaka yakawa moto. Nilimwambia tutakuwa matajiri. Alisema kwanza tununue taulo la pili.

Ijumaa, 6 Agosti

 Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi tulisafisha filamu. Mchana tuliziba dirisha kwa mablanketi, taa ya mafuta ikavalishwa karatasi nyekundu, tukaanza kuchapa picha. Nabwire hupenda kazi hii kuliko zote. Mimi nafungua pembe ya blanketi mpaka nihesabu tatu ili mwanga upite kwenye filamu, nafunga, naingiza karatasi kwenye beseni, naye analitikisa. Tunasimama bega kwa bega kwenye wekundu ule tukingoja uso utokee. Yule mzee na redio alitokea, tukacheka. Ndugu wawili walitokea bado wamekasirika. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mpakani, Busia hii na Busia ile.

Karatasi ya kumi na mbili. Meno yalitokea kwanza. Mwanya. Halafu macho.

Nabwire aliacha kutikisa.

"Nani amekupa picha ya mama?"

Nikacheka. Nikasema huyo ni Felista wa maharage, wa Masafu.

"Egesa." Huniita kwa jina langu pale tu anapoogopa. "Huyu ni mama. Mama yangu aliyenizaa. Felista ni jina lake la kanisani."

Picha iliendelea kuwa nyeusi kwenye dawa. Hakuna aliyeitoa. Nilipozinduka niliitumbukiza kwenye beseni la pili, kwa mazoea tu. Mkono unajua kazi hata mtu akiwa amekufa.

Nilimshika kidevu. Vidole viwili. Nilimtazama usoni kupitia kioo, karibu, nikiwa nimefumba jicho moja. Akanicheka. Akaniita mwanangu, bila kujua.

Nabwire amekaa sakafuni.   Mvua inanyesha tena.

Jumamosi, 7 Agosti

Sijafungua studio.

Watu wetu wanasema aliyefanya hivyo hutetemeka mikono mpaka uzeeni, na nyumba yake haipati mtoto. Nilisoma sekondari. Nilifanya mtihani wa viumbe hai nikapasi. Na leo nimemwaga chai mara mbili.

Niliwaza kuichoma picha na filamu, tunyamaze. Mama angesubiri pale Masafu, asingeniona tena, angesema mpiga picha ni mwizi, basi. Nilimwambia Nabwire.  Alisema mama yake ametembea na gunia la maharage kichwani ili Barasa auone uso wake, na mimi nataka kumwibia uso huo. Niliona aibu kuliko jana.

Amesema kesho ataenda kwao kusema yote.

Jumapili, 8 Agosti

Ameondoka baada ya misa. Picha ameiweka ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa maduka. Hakuniruhusu kuvuka hapo. Alinipangusa begani kama kuna vumbi. Hapakuwa na vumbi.

Nyumba ina sauti mbaya asipokuwepo.

Jumatatu, 9 Agosti

Hajarudi.

Nimempiga picha dereva mmoja wa lori. Nimesahau kuweka filamu. Alilipa, akaondoka anapiga mluzi. Nilikimbia nyuma ya lori nimrudishie hela yake mpaka pumzi zikaisha.

Jumanne, 10 Agosti

Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Saa nne alifika baba mdogo wa Nabwire, Ojiambo, na wazee wengine wawili. Hawakukaa kwenye viti. Niliwaletea maji, hawakunywa. Makokha aliacha nyundo akasimama mlangoni kwake.

Ojiambo alisema mama alipoambiwa alijifunika leso kichwani, akaingia ndani, na tangu Jumapili hajatoka. Hajala mbele ya mtu. Halafu akaanza kuniuliza kama hakimu.

"Wewe nashika mkwe yako?"

"Sikumjua, baba."

"Nashika au hapana nashika?"

"Nilishika."

"Kwa mkono?"

"Kwa vidole viwili."

Mmoja wa wale wazee aliziba mdomo. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Ojiambo alisema baba mkwe ameondoa kidole chake. Kazi inayomfanya mtu atazame nyuso za wanawake wote haina mahali pa kusimama, mila itapita wapi? Ng'ombe hatasimamia kitu kama hicho. Barua ya Mfuko imeshaandikwa na karani wa gombolola, ofisi ya serikali ya kwao, nakala yangu ni hii hapa.

Kisha akaomba filamu. Nikakata kile kipande kimoja chenye uso wake kwa mkasi, mikono ikitetemeka. Akakataa. Alitaka yote. Alisema uso wa mama ulilala na nyuso hizo zote usiku mmoja ndani ya sanduku moja, haiwezekani kujua umebaki wapi. Nilijaribu kumweleza filamu ilivyo. Nilitumia maneno ya shule. Yalisikika ya kijinga hata masikioni mwangu.

Waliichoma barazani, juu ya bati. Iliwaka haraka na kunuka vibaya. Na zile picha kumi na moja nilizokwisha kuchapa walizitia humo humo. Mzee na redio yake. Ndugu wawili. Tai ya kuazima. Watu kumi na mmoja wa Masafu waliokwisha kulipa, wamekuwa jivu kiasi cha kijiko.

Hawakuuliza habari ya ile picha aliyochukua Nabwire. Nami sikuwakumbusha.

Alhamisi, 12 Agosti

Tororo. Nimekwenda kwa basi, kamera mapajani, nikidhani nitaiacha huko huko.

Mtunza fedha wa Mfuko ni Bwana Obbo, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma barua ya baba mkwe mara mbili. Mara ya pili alivua miwani.

"Kijana, tangu nianze kazi hii nimeona mikopo inaanguka kwa ukame, kwa pombe, kwa mke wa pili. Kwa kidevu, hii ni ya kwanza."

Alicheka peke yake. Alipoona sicheki, akaacha.

Amenipa mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Nilete mdhamini mwenye mifugo, au nilete kamera. Hana uwezo wa zaidi ya hapo, na wanachama wengine wanaitaka ile pesa. Aliniambia niende nayo kamera kwa siku zilizobaki. Alisema sionekani kama mtu anayeweza kutoroka nayo. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona ni wema.

Mwamba wa Tororo ulikuwa pale pale nyuma ya nyumba. Sikuutazama.

Jumamosi, 14 Agosti

Wadhamini niliowaomba wamekataa. Binamu yangu wa Malaba, mwenye ng'ombe sita, alinipokea vizuri, akanipa kuku, akasema ng'ombe wake hawawezi kusimama penye laana. Padri hana ng'ombe. Makokha alijitolea. Ana mbuzi mmoja na yuko Kenya. Mfuko haumtambui mbuzi wa Kenya. Nilimshukuru mpaka akaniambia nyamaza.

Ujumbe mfupi kutoka kwa Nabwire, umeletwa na mwanamke wa soko: "Mimi ni mzima. Nabishana na wazee. Kula." Neno la mwisho amelipigia mstari.

Nimekula.

Alhamisi, 19 Agosti

Asubuhi nilikwenda Masafu. Ilikuwa lazima. Wiki iliyopita niliogopa, na siku ya soko ikapita nikiwa Tororo. Nilisema nikipoteza kamera keshokutwa, angalau niwe nimerudisha nyuso za watu kabla.

Nilisimama chini ya ukuta wa duka la chumvi na kusema wazi mbele ya wote: picha zimeungua, nitawapiga tena bure. Nilitegemea matusi.  Badala yake mwanamke mmoja wa ndizi akasema kwa sauti ya soko zima:

"Ndiye huyu? Ndiye alishika mkwe yake kidevu?"

Soko lilianguka kwa kicheko. Yule mzee wa redio alinishika mkono akasema, "Pole mwanangu, mimi ningekufa pale pale." Mwalimu alisema hata katika vitabu hajasoma jambo kama hilo. Wanawake waliunda mstari, na kila aliyekaa kwenye sanduku aliniuliza kwanza mimi nimeoa kwa nani, akapiga hesabu ya ukoo wake kwa vidole, ndipo akakubali nimtazame. Mama mmoja aligundua ni shangazi wa mbali wa Nabwire. Aliinuka akakimbia, viatu vikabaki. Watu walilia machozi. Hata mimi. Sikujua naweza kucheka tena.

Niliwapiga upya watu tisa kati ya kumi na mmoja. Wawili hawakuwepo sokoni. Walioongezeka, wa kulipa, walijaza filamu mbili. Walikuja kumwona mtu wa kidevu na wakaondoka wamepigwa picha. Nimeona ajabu na sijui niifurahie au la.

Na sasa ajabu kubwa zaidi. Nilipofika nyumbani, jiko lilikuwa linatoa moshi.

Nabwire! Niliangusha baiskeli. Kamera ilikuwa mgongoni, asante Mungu.  Alikuwa na unga mikononi, sasa uko kwenye koti langu lote na sitalifua.

Alinieleza akiwa anasonga ugali, bila kusimama. Mambo ni hivi.

Mama hakujifungia kwa sababu ya laana. Alijifungia ili aitazame picha. Hajawahi kuwa na picha yake maishani. Jumapili aliiangalia mpaka giza. Jumatatu alfajiri, kabla wazee hawajakaa, alimpa Nabwire senti za stempu na kumtuma posta. Ojiambo alipokuwa anachoma filamu barazani kwangu, uso wa mama ulikuwa ndani ya treni unakwenda kwa Barasa.

Nililazimika kukaa.

Jumatano ya wiki iliyopita ndipo aliposikia kwamba kidole kimeondolewa. Alitoka ndani, akaenda zizini, akasimama karibu na ng'ombe aliyeandikishwa. Ng'ombe yule alitoka katika mahari ya Nabwire, ng'ombe ambaye kwetu ni wa mama, malipo ya kumbeba binti. Si wa baba, si wa Ojiambo. Aliwauliza ni nani aliyeomba ruhusa kumwondoa. Wazee walibishana siku nane. Walisema mwanamke hana kidole kwenye karatasi. Alisema hana kidole lakini ana ng'ombe.

Nabwire aliigiza sauti ya mama yake: "Yeye hakunijua, mimi sikumjua. Nyinyi mnaotujua sote wawili mlikuwa wapi siku ile mtuonye?"

Nimeandika hayo kama alivyoyasema. Nataka yakae.

Ametoa masharti yake. Nilete blanketi na mbuzi jike, nisimame nje ya mlango wake, niombe radhi, naye atajibu kutoka ndani. Ndivyo njia itakavyofunguliwa. Na sharti la pili: kamera isitoke tena hapa bila macho ya binti yake. Nabwire aende nami kila soko, awajue watu kabla sijawatazama.

Nilimwuliza, ina maana kila Alhamisi tutakuwa pamoja barabarani, wewe nyuma ya baiskeli?

Alisema ndiyo, na Malaba siku ya soko lao pia, na nipunguze kutabasamu, ugali unaungua.

Lakini wazee bado hawajakubali. Baba mkwe amenyamaza. Ana siku moja.

Ijumaa, 20 Agosti

Hakuna habari kutoka Bulumbi. Nimeifuta kamera mara nne. Nabwire amenikataza kuifuta mara ya tano.

Jumamosi, 21 Agosti

Tulifika Tororo mapema. Kamera ndani ya sanduku lake. Niliiweka mezani kwa Bwana Obbo mwenyewe, kabla hajaniomba. Sikutaka kuombwa. Nabwire alitazama ukutani.

Saa tano. Saa sita. Bwana Obbo alianza kuandika stakabadhi ya kupokea kamera. Nilisoma jina langu kichwa chini. Alikuwa amefika kwenye neno "hali", hali ya kamera, aliandika nzuri, ndipo mlango ukafunguliwa.

Baba mkwe. Vumbi mpaka magotini. Amekuja kwa baiskeli kutoka Bulumbi, mtu wa umri ule. Hakunisalimu. Alimsalimia Bwana Obbo, akavua kofia, akasema:

"Ng'ombe ni ya mke wangu. Mke wangu nasema ng'ombe abaki. Leta wino."

Akaweka kidole. Alikibonyeza kwa nguvu mpaka karatasi ikateleza. Bwana Obbo aliichana ile stakabadhi polepole, vipande viwili, halafu vinne.

Tulipotoka nje nilipiga magoti kumwamkia. Aliangalia pembeni, juu ya kichwa changu, kule kwenye mwamba.

"Mkwe, mimi nimeoa miaka thelathini," alisema. "Sikujua kama mama yao ana cheko vile. Nilikuja kuona katika karatasi, siku moja tu, halafu akatuma posta."

Akapanda baiskeli. Nimebaki nimepiga magoti barabarani, watu wa Tororo wananizunguka. Nabwire ndiye aliyeniinua.

Jumapili, 22 Agosti

Misa. Mvua ndogo. Tumeshinda ndani.

Blanketi limepatikana kwa Mhindi wa maduka ya juu, la kijivu lenye mistari myekundu. Nabwire ameligusa kila upande akasema linatosha. Mbuzi bado. Makokha ana huyo wake mmoja, jike, na ameapa kwamba safari hii lazima aandikishwe mahali. Nitamlipa kidogo kidogo.

Nimejaribu mikono yangu mezani. Imetulia.

Nabwire amelala kwenye kiti, mguu mmoja umeanguka chini. Sitampiga picha, filamu ni ya kazi. Nimemtazama tu, naruhusiwa.

Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Bulumbi. Yeye atatangulia, mimi nitafuata na mbuzi. Nitasimama nje ya mlango ule nikitazama ardhi, niseme nilichonacho cha kusema, halafu nisubiri sauti kutoka ndani.